Banda la nguruwe alilotengenezewa marehemu: jibu kwa msomaji aliyenunua kijumba cha udongo Guangzhou

*"Mtaalamu, habari ya kazi. Mimi ni mfanyabiashara, naleta vifaa vya simu Kariakoo kutoka Guangzhou. Safari iliyopita dalali alinipeleka soko la vitu vya kale nikanunua kijumba cha udongo cha rangi ya kijani, ukubwa wa boksi la viatu vya mtoto. Ni ua wa mraba wenye kuta, ndani amelala nguruwe, na kwenye kona moja kuna chumba kidogo kilichoinuliwa, kina ngazi na tundu sakafuni. Muuzaji alisema ni cha miaka 2000, kimechimbwa kaburini huko Luoyang. Nilidhani ni kitu cha kuchezea watoto wa wafalme. Jamaa yangu mmoja kaniambia kile chumba ni choo, akacheka mpaka machozi. Mke wangu aliposikia neno kaburi alikitoa sebuleni, anasema kina mambo, na isitoshe nguruwe hamtaki nyumbani hata wa udongo. Sasa kipo stoo, na mwanangu wa miaka minne kakigeuza bakuli, anatia karanga na kula humo humo. Naomba kujua: kwa nini mtu azikwe na choo cha nguruwe? Ni uchawi? Ni cha kweli au nimepigwa? Na kama ni cha kweli, nakiuza wapi?"*

Ndugu yangu, umeuliza mengi na yote nitayafikia, ila kabla ya choo, nguruwe na kaburi tuanze na karanga. Mzuie mtoto leo hii. Ule ukijani, kama umetengenezwa kwa njia ya zamani, ni kioo chembamba kilichoyeyushwa kwa risasi, ile metali nzito ambayo risasi za bunduki zimechukua jina lake. Wafinyanzi wa kale hawakuwa na sababu ya kuogopa, maana chombo hiki hakikukusudiwa kupakuliwa chakula cha mtu anayepumua. Nakala za kisasa zinazoiga rangi hiyo vizuri nazo mara nyingi hutumia risasi ileile. Tabaka hilo likizeeka huchunika unga usioonekana, mtoto anashika, analamba vidole. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana, na haitoi dalili za haraka. Kwa hiyo kifunge kijumba kwenye mfuko wa plastiki, pangusa rafu kwa kitambaa kibichi (usitumie ufagio mkavu, utatimua vumbi), kisha mpeleke mtoto kwa daktari, umweleze habari yote na uulize kipimo cha risasi kwenye damu. Sisemi ameumia. Karanga kavu si sawa na juisi ya ukwaju iliyolala humo usiku kucha, kwa sababu asidi ndiyo inayoikokota risasi kutoka kwenye kioo. Lakini jambo hili halipimwi kwa macho wala kwa barua.

Sasa turudi kwenye kijumba chenyewe.

Jamaa yako aliyecheka yuko sahihi. Ulichonunua, kiwe cha kale au cha mwaka jana, ni umbo la choo kilichojengwa juu ya banda la nguruwe. Mtu anapanda ngazi, anaingia kile chumba cha juu, anamaliza haja yake kupitia tundu, na kinachoanguka kinamkuta nguruwe chini. Wachina wa zama za nasaba ya Han, iliyotawala kuanzia 206 KK hadi 220 BK, walikuwa na neno moja lililobeba choo na banda kwa pamoja, *hun*, na alama ya kuliandika ni nguruwe aliyezungushiwa ua. Hata alama ya neno "nyumbani", ambayo bila shaka umeshaiona kwenye mabango ya maduka ya Guangzhou, ni nguruwe aliyechorwa chini ya paa. Wala haikuwa mambo ya maskini tu. Historia rasmi ya nasaba hiyo inasimulia kwamba katika jumba la mwana mfalme wa Yan, muda mfupi kabla ya njama zake kufichuka mwaka 80 KK, kundi la nguruwe lilitoka chooni likaenda kuvunja jiko kuu la ikulu, na watu wakaona hiyo ni ishara mbaya. Mwandishi wala hajisumbui kueleza nguruwe walikuwa wanafanya nini chooni. Msomaji wake alijua.

Na kulikuwa na hesabu ndani yake. Nguruwe alikula kinyesi pamoja na makapi na maganda ya jikoni, akanenepa. Chini yake kilibaki kinyesi chake kilichochanganyika na majani na udongo, kikalala mpaka kikaiva, na samadi hiyo ikaenda shambani. Fan Shengzhi, mtaalamu wa kilimo aliyeishi karne ya 1 KK, aliwaagiza wakulima watumie samadi iliyoiva kutoka katika mabanda hayohayo. Kaskazini mwa China, ambako ardhi ililimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa, choo kilikuwa kiwanda cha mbolea. Familia yenye *hun* kubwa ilikuwa familia yenye mavuno. Wewe ukiona choo unacheka, mkulima wa mkoa wa Henan wa wakati ule akikiona alikuwa anaona gunia la ngano.

Nadhani hapo ndipo swali lako kubwa linapoanza kujibika. Mtu hakuzikwa na choo kwa sababu wafu huenda haja. Alizikwa na shamba zima, na choo ni kiungo kimoja cha shamba hilo. Kijumba chako, kama ni cha kweli, hakikuwa peke yake kaburini. Jirani yake kulikuwa na kisima chenye kapi na ndoo ndogo, jiko lenye matundu mawili au matatu ya kuwekea masufuria, ghala la nafaka, jiwe la kusagia, kinu cha mchi unaokanyagwa kwa mguu, kuku, bata, mbwa mwenye mkanda kifuani. Muuzaji amekuuzia neno moja lililokatwa kwenye sentensi.

Wachina huviita vitu hivi *mingqi*, na neno hilo wataalamu hulitafsiri ama "vyombo ving'aavyo" ama "vyombo vya roho". Si vya kuchezea watoto, wa wafalme wala wa wakulima. Ni vyombo vilivyotengenezwa makusudi visifanye kazi. Katika maandiko ya kale ya Kichina kuna maneno anayonasibishiwa Konfusio, mwanafalsafa wao mkuu, ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa jambo lote: kumtendea marehemu kana kwamba amekufa kabisa ni kukosa utu, na kumtendea kana kwamba yu hai ni kukosa akili. Kwa hiyo unampa chombo, lakini chombo kisichotumika. Jiko lisilowaka, kisima kisicho na maji. Moyo wako umetimiza wajibu, na akili yako haijajidanganya.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Karibu miaka 1000 kabla ya Han, wafalme wa nasaba ya Shang waliozikwa Anyang walikwenda na vyombo vya shaba vya thamani, magari na farasi wake, na watu waliochinjwa kuwasindikiza. Baadaye sanamu zikaanza kushika nafasi ya watu, na mfano ambao dunia nzima inaujua ni jeshi la udongo la Qin Shihuang, mfalme aliyekufa 210 KK, lililogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wanachimba kisima karibu na Xi'an. Han walipochukua nchi, mfalme Wen, aliyefariki 157 KK, aliagiza kaburi lake liwekwe vyombo vya udongo tu, bila dhahabu, fedha, shaba wala bati. Mwanawe, mfalme Jing, aliyefariki 141 KK, alizikwa Yangling na mashimo yaliyopangwa nguruwe, mbuzi, kondoo, mbwa na ng'ombe wa udongo safu kwa safu, kama mnada. Hapo bado tunaongelea wafalme.

Kinachonivutia mimi ni kilichotokea baada yao, kuanzia karne ya 1 KK, pale desturi iliposhuka kwa maofisa wa wilaya, wenye mashamba na wafanyabiashara wenye uwezo. Kaburi lenyewe lilibadilika umbo. Zamani lilikuwa shimo refu la kwenda chini lenye sanduku la mbao. Sasa likawa nyumba ya matofali yenye mlango, vyumba na dari ya tao, unaingia kwa ubavuni, na mume akitangulia linafunguliwa tena kumpokea mke. Ukishajenga nyumba chini ya ardhi, utaiacha bila jiko? Na jiko bila ghala? Ndivyo wafinyanzi wa Luoyang na Chang'an, miji mikuu ya Han, walivyopata soko. Walitumia kalibu, wakatoa ghala baada ya ghala, jiko baada ya jiko, kwa wingi kama matofali. Watu wengi huviona kwenye makumbusho wakadhani ni kazi ya msanii mmoja aliyekaa miezi. Hapana, ilikuwa bidhaa ya dukani.

Ghala ndilo nilipendalo kuliko yote, uniruhusu nikae hapo kidogo. Ni mtungi mrefu wa mviringo, juu umefunikwa paa lenye michirizi ya vigae, chini umesimama kwa miguu mitatu ambayo mara nyingi imechongwa kama dubu aliyechuchumaa na kubeba mzigo. Miguu ina sababu: ghala la kweli liliinuliwa kukwepa unyevu na panya, kama vihenge vyetu. Katika makaburi ya Luoyang yaliyofukuliwa miaka ya 1950, mitungi mingi ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa brashi jina la nafaka iliyomo: ngano, mtama, soya. Mingine ilikuwa na mabaki ya nafaka ndani. Na baadhi imeandikwa kiasi pia: "shi 10,000". Sasa shi moja ya Han ilikuwa karibu lita 20. Piga hesabu kama mfanyabiashara: lita 200,000, tani zaidi ya 100 za ngano, ndani ya mtungi usiozidi goti lako. Aliyeandika hakukosea. Kwa walio hai ule ni mtungi wa lita chache, kwa aliyelala pale ni bohari. Maandishi ndiyo yaliyoukuza.

Kadiri miaka ilivyokwenda vitu vikazidi. Katika Han ya Mashariki, yaani 25 hadi 220 BK, nchi ilijaa familia kubwa zenye mashamba yenye kila kitu, zilizotoka kwenye vita na njaa za wakati wa Wang Mang, ofisa aliyenyakua kiti cha ufalme, na hazikuamini tena kwamba serikali itazilinda. Basi makaburini ikaingia minara ya ulinzi yenye wapiga mishale kwenye roshani. Jiaozuo, mkoani Henan, umepatikana mnara wa ghala wa ghorofa saba, kimo chake karibu mita 1.9, wenye daraja la kupitia kwenda mnara wa pembeni, umejengwa kwa vipande vinavyopachikana. Kule kusini, Guangzhou unakokwenda, nyumba za makaburini ni tofauti kabisa: zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mvua na joto, watu juu, mifugo chini, na ukichungulia dirishani unakuta watu wadogo wa udongo wakitwanga nafaka. Sichuan waliweka mpaka mashamba ya mpunga na mabwawa yenye samaki. Kila mkoa ulizika mandhari yake.

Nitakuambia na jambo ambalo halisemwi sana kwa heshima ya wafu. Sehemu ya mambo haya ilikuwa ya kuonwa na walio hai. Kuanzia 134 KK serikali ilianza kuteua maofisa kwa kigezo cha utiifu kwa wazazi na uadilifu, na mazishi yalikuwa mahali pa kuonyesha utiifu huo mbele ya majirani. Wang Fu, mwandishi wa karne ya 2, aliwalaumu watu wa wakati wake waziwazi: wanawabana wazazi wangali hai, kisha wakifa wanawafanyia makuu. Hilo nadhani halihitaji tafsiri kwetu.

Sasa uchawi. Namheshimu mama watoto, na nitamjibu kwa ukweli wote ninaoujua. Katika makaburi ya Han ya Mashariki hupatikana mitungi yenye maandishi ya kumtuliza marehemu na ardhi iliyochimbwa. Mojawapo ya kauli zake ni kwamba walio hai ni wa Chang'an upande wa magharibi, na wafu ni wa mlima Tai upande wa mashariki, yaani kila mmoja ana serikali yake na wasifuatane. Waliamini mtu ana roho zaidi ya moja, na mojawapo hubaki karibu na mwili. Hiyo ndiyo iliyotakiwa iwe na chakula, maji na moto, iridhike, isihangaike kurudi kugonga mlango wa mtu. Kwa hiyo nia ya kijumba kile ilikuwa kumpa marehemu makao. Hakuna laana iliyofungwa ndani yake. Kwenye vijumba vya namna hii hakuna maandishi ya kumdhuru aliye hai, na mimi nimeshika vigae vya makaburini maisha yangu yote na bado nalala vizuri. Kwamba hataki nguruwe nyumbani, hiyo ni imani yenu na amani ya ndoa yenu. Akiolojia haina kura hapo.

Labda itamsaidia akijua kwamba desturi hiyo haijafa. Mwezi Aprili, kwenye siku za Qingming za kusafisha makaburi, familia nyingi za Kichina huchoma nyumba za karatasi, magari ya karatasi, noti za karatasi. Siku hizi zipo hadi simu za karatasi na chaja zake, jambo ambalo wewe mwenye biashara hiyo utalielewa haraka. Ni wazo lilelile la miaka 2000, limebadilisha malighafi.

Na kuna kosa moja nimelisikia mara nyingi kwetu, nalo nilifute hapahapa. Watu wanajua kwamba kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi na kwingineko pwani kulipachikwa mabakuli ya Kichina kwenye nguzo na kuta, hivyo wakisikia "udongo wa Kichina wa makaburini" wanadhani ni jambo moja. Ni mambo mawili yanayopishana. Bakuli la Kunduchi ni chombo halisi cha kulia, kimevuka bahari kama bidhaa ya anasa, kikawekwa nje ya kaburi ili kila mpita njia aone hadhi ya aliyelala. *Mingqi* hakikutumika kulia wala hakikusafirishwa, kilifungiwa gizani na mlango ukajengwa. Tena zinatenganishwa na karne nyingi: vyombo vya Kichina vinaanza kuonekana katika miji yetu kama Shanga na Manda kuanzia karne ya 9, wakati nasaba ya Han ilishaanguka miaka 600 nyuma.

Umepigwa au hukupigwa? Nitakuwa mkweli: uwezekano mkubwa ni kwamba una nakala. Kitu kizima kisicho na ufa, sokoni, kwa mgeni, chenye hadithi ya Luoyang na dalali pembeni, mara nyingi ni kazi ya karakana ya miaka hii. Ila "mara nyingi" si jibu, na Luoyang kweli ni mahali penyewe, kwa hiyo nikueleze kinachotazamwa.

Kioo cha kijani cha Han kilitengenezwa kwa risasi na mchanga, kikatiwa shaba kidogo ili kiwe kijani, au chuma ili kiwe hudhurungi, kikachomwa kwenye joto la chini, kama nyuzi 800 hivi, juu ya udongo mwekundu. Kikikaa kwenye udongo wenye unyevu karne nyingi, maji huchota risasi taratibu na kuacha tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Mwanga ukipita kwenye matabaka hayo hurudi ukiwa umegongana wenyewe kwa wenyewe, ndipo unaona mng'ao wa fedha wenye rangi za upinde, sawa na mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi. Ule wa kweli ni wa mabakamabaka, mzito pale maji yalipotuama, na huchomoka kama magamba ya samaki. Wa kughushi, unaopatikana kwa asidi au kwa kupakwa, mara nyingi umetanda sawasawa kila mahali, hata pembe ambazo maji yasingekaa. Angalia na chini: sehemu isiyo na kioo iwe nyekundu na ikinyonya tone la maji upesi. Tope la kaburini huwa limejikita kwenye vinyweleo, la gundi hutoka kipande kizima. Lakini waghushi nao wanayasoma haya haya, kwa hiyo usijiamini ukipata dalili moja nzuri. Na tafadhali usikisugue kwa ndimu wala siki "kuona rangi yake": utakiharibu na utaiamsha ile risasi.

Kipimo chenye uzito ni cha maabara. Ndani ya udongo mna chembe za madini, hasa kwatzi, ambazo hukusanya nishati kidogokidogo kutokana na mionzi ya asili ya ardhi. Zichukulie kama kibubu. Tanuri linapochoma chombo, kibubu kinavunjwa na kubaki sifuri, kisha kinaanza kujaa upya mwaka hadi mwaka. Maabara hutoboa unga kidogo sehemu isiyoonekana, huupasha moto, nishati inatoka kama mwanga hafifu, na kwa kuupima wanakadiria ni muda gani umepita tangu moto wa mwisho. Hawatakuambia mwaka. Watakuambia kama ni karne nyingi au ni juzi, na kwa swali lako hilo latosha. Kina mianya yake: wapo wanaounganisha vipande vya kale vya vyombo tofauti, na wapo wanaochonga kitu kipya kutoka tofali la kale la kaburi. Ndiyo maana sampuli moja haitoshi na jicho la mtu aliyezoea linahitajika pia. Na gharama yake, pamoja na kusafirisha, inaweza kuzidi uliyolipa sokoni.

Hapa tunafika mahali ambapo utakasirika kidogo. Kama ni nakala, huna hasara kubwa: una pambo zuri lenye historia ya kusimulia, liweke juu ambapo mtoto hafiki. Kama ni cha kweli, una tatizo. Sheria ya China inasema mabaki yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa, na vitu vya kale vya kabla ya 1911 haviruhusiwi kutolewa nchini. Kitu cha Han kilichochimbwa kaburini na kupita kwenye begi la mfanyabiashara ni kitu kilichoibwa na kutoroshwa, hata kama wewe ulinunua kwa nia safi. Marekani ilikubaliana na China mwaka 2009 kuzuia vitu vya namna hii kuingia bila vibali, kwa hiyo usishawishike na mtu atakayekuambia "kipeleke ng'ambo kuna soko". Mimi sikupi mnunuzi, na thamani yake pia sitaikadiria, maana makadirio yangu yatageuka cheti mikononi mwa dalali mwingine.

Sababu yangu si sheria peke yake. Mwizi wa makaburi akitoa banda la nguruwe, anavunja ghala lililokuwa pembeni yake na kuitupa nafaka iliyomo, kwa kuwa havimpi pesa. Huko Jiyuan, Henan, katika kaburi lililofukuliwa taratibu, kilipatikana kifaa kidogo cha udongo kinachoonyesha mashine ya kupepeta nafaka kwa feni inayozungushwa kwa mkono, pamoja na jiwe la kusagia na kinu cha kukanyaga. Kutokana na hicho tukajua Wachina walikuwa na mashine hiyo karne nyingi kabla ya Ulaya. Mashine zenyewe zilikuwa za mbao, zimeoza. Nyumba za Han zilikuwa za mbao pia, zimeoza au zimeungua. Kilichobaki kutuonyesha paa lilivyokaa juu ya nguzo, au mkulima alivyopanga ua wake, ni hivi vijumba vikiwa vimekaa mahali vilipowekwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga picha pande zote, na chini pia, ukiweka rula pembeni. Tafuta risiti, au hata ujumbe wa simu uliochati na muuzaji, uutunze. Kisha peleka picha, na baadaye kijumba chenyewe, kwa mtu anayeweza kukishika: Makumbusho ya Taifa hapo Dar es Salaam, au idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi kwa barua naweza kukueleza kitu ni nini, siwezi kuapa kina umri gani, na mtaalamu yeyote anayeapa kwa picha ya simu muogope. Wakikuambia kina dalili za ukale, waombe wakuongoze jinsi ya kukikabidhi kupitia ubalozi wa China. Nenda nao, usiende peke yako na kiroba mkononi. Na ukiwa na hofu ya kisheria, ongea na wakili kabla ya hatua hiyo, ni saa moja tu utakayoilipia.

Safari ijayo Guangzhou, ukimaliza mizigo, panda bustani ya Yuexiu mpaka mnara wa Zhenhai, ndimo yalimo makumbusho ya jiji. Zitafute nyumba za udongo za nguzo, uiname uchungulie chini ya sakafu. Mifugo imo.